Sehemu ya pili ya filamu ya mzaha humcheka nani?

Bango la Scary Movie, mwaka 2000, liliwaahidi watazamaji mambo matatu: hakuna huruma, hakuna aibu, hakuna sehemu ya pili. Mwaka haukutimia. Julai 2001 bango la Scary Movie 2 lilikuwa ukutani, na waliolitengeneza wakakiri wenyewe kwamba walidanganya. Pengine huo ndio mzaha bora kuliko yote iliyomo ndani ya filamu hiyo ya pili, na ndipo ubishi wenyewe unapoanzia.

Kuna filamu ambazo kazi yake ni kuiga filamu nyingine na kuzitania: za kutisha, za majasusi, za ndege inayotaka kuanguka, za askari kanzu asiyeshindwa. Ikichekesha na kuingiza fedha, studio hutaka nyingine. Wapenzi wengi wa filamu hizi watakwambia bila hata kuwaza kwamba ya pili haijawahi kuifikia ya kwanza. Wengine, hasa waliomaliza utoto wao na kanda za Austin Powers, watakushangaa. Nadhani pande zote mbili zinakosea swali. Zinapima ipi inachekesha zaidi, wakati linalofaa kuulizwa kwanza ni kwamba hiyo ya pili inamcheka nani.

Tuanze na wanaokataa, maana hoja yao ina uzito. Airplane! ya mwaka 1980, kazi ya Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, haikubuniwa hewani. Watatu hao walinunua haki za filamu ya mwaka 1957 iitwayo Zero Hour!, tamthilia nzito kabisa ambamo abiria na marubani wanaokula samaki wanaugua angani, na rubani wa zamani wa vita mwenye majeraha ya moyo analazimika kuishika ndege. Waliichukua hadithi hiyo karibu ilivyo, hata baadhi ya maneno hawakuyagusa. Juu yake kulikuwa na muongo mzima wa filamu za maafa: Airport ilitoka 1970, ikafuatwa na nyingine tatu hadi 1979. Mtazamaji aliyeingia ukumbini mwaka 1980 alikuwa amebeba kichwani nusu ya kila kichekesho. Alijua daktari atasema nini, mhudumu atalia lini, mnara wa kuongozea ndege utakuwa na bosi wa namna gani. Filamu ilimalizia tu ile nusu nyingine.

Halafu kulikuwa na nyuso. Leslie Nielsen, Robert Stack, Lloyd Bridges na Peter Graves hawakuwa wachekeshaji. Kwa miaka mingi walikuwa wakiigiza wanajeshi, makapteni, askari na watu wa heshima. Nielsen alikuwa nahodha wa meli inayozama katika The Poseidon Adventure ya 1972. Kumwona mtu huyo akitamka upuuzi kwa uso mkavu, bila kukonyeza, bila kuonyesha kwamba anajua, hicho kilikuwa kichekesho kabla hata ya maneno yenyewe. Na kichekesho cha aina hiyo kina tiketi moja. Baada ya 1980, Nielsen akitokea tu kwenye skrini watu wameshaanza kutabasamu.

Kwa hiyo ilipokuja Airplane II: The Sequel mwaka 1982, ghala lilikuwa tupu. Ndege imegeuzwa chombo cha anga kinachokwenda Mwezini, waigizaji wakuu Robert Hays na Julie Hagerty wamerudi, na mizaha mingi imerudi pamoja nao ikiwa imebadilishiwa nguo. Utakuwa umeshafikia kwenye methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, lakini hapa haifai: mgema mwenyewe hakuwepo. Abrahams na akina Zucker hawakushiriki, na kazi ya kuandika na kuongoza alipewa Ken Finkleman. Ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 83 Marekani, ya pili kama milioni 27.

Ila tatizo la Airplane II naliona zaidi ya kubadilisha mwongozaji. Kufikia 1982, ukimtajia mtu filamu ya ndege iliyo matatani, kinachomjia kichwani si Zero Hour! wala Airport. Ni Airplane! yenyewe. Mzaha ulikuwa umemmeza aliyekuwa akitaniwa na kukaa mahali pake. Sehemu ya pili ikabaki na kitu kimoja tu cha kuiga, nacho kilikuwa tayari ni mzaha. Huwezi kumtania mchekeshaji kwa kurudia alichosema. Ushahidi umo ndani ya filamu hiyohiyo: dakika ambazo watu bado huzikumbuka ni zile za William Shatner kwenye kituo cha Mwezini, na hapo walikuwa wamepata mtu mpya wa kumcheka, yaani Shatner mwenyewe na sifa zake za unahodha wa angani katika Star Trek. Ghafla filamu inapata uhai. Kisha inaisha.

Scary Movie 2 ina ugonjwa tofauti kidogo, wa haraka. Ya kwanza ilikuwa na windo nono: Scream ya 1996 na ndugu zake waliofuata, filamu za vijana wanaochinjwa mmoja mmoja na mtu aliyevaa barakoa. (Scream yenyewe, kabla haijapewa jina hilo, ilikuwa ikiitwa Scary Movie, kwa hiyo hata jina waliliokota humo humo.) Miezi kumi na miwili baadaye hakukuwa na wimbi jipya la kutosha kutaniwa. Ikabidi warudi nyuma hadi kwenye The Exorcist ya 1973 na kuokota The Haunting ya 1999, ambayo hata ilipotoka haikuwa imewagusa wengi kiasi hicho. Duniani kote ya kwanza ilipata karibu dola milioni 278, ya pili karibu 141.

Hapa upande wa pili unasimama na kusema: sawa, lakini mbona umechagua zilizoanguka? Na kweli. The Naked Gun 2½ ya 1991, mzaha wa filamu za askari kanzu, iliingiza Marekani fedha nyingi kuliko The Naked Gun ya 1988. Austin Powers ya pili, ya 1999, ilikusanya huko Marekani wikendi yake ya kwanza tu zaidi ya kile ambacho ya 1997 ilikipata kwa muda wote ilipokuwa kumbini. Kama watu ndio waamuzi, wamekwisha kuamua.

Nina shaka na ushahidi huo wa fedha. Wikendi ya kwanza ya filamu ya pili ni malipo ya deni la filamu ya kwanza. Mtu anayepanga foleni siku ya uzinduzi hajaona kitu bado, anarudisha shukrani kwa kicheko cha zamani. Austin Powers ya 1997 haikuvuma sana ukumbini, iliwapata wapenzi wake kwenye kanda za video nyumbani, na hao ndio waliomiminika mwaka 1999. Hesabu hiyo inatuambia mengi juu ya uzuri wa ya kwanza kuliko wa ya pili.

Lakini ukiachana na fedha, Austin Powers ya pili bado inastahili kusikilizwa, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu inafanya mambo mawili yanayopingana. Wazo la ya kwanza lilikuwa jasusi wa miaka ya 1960 kugandishwa kwenye barafu na kuamshwa 1997, ambako nguo zake, meno yake na jinsi anavyozungumza na wanawake havina mahali tena. Mgongano huo ndio ulioibeba. Ya pili inamrudisha 1969, kwao, ambako hamshangazi mtu. Mgongano umekufa, na pengo linazibwa kwa vichekesho vya chooni na vya vivuli vya hemani vinavyoonekana kama matusi. Kwa upande wa Austin mwenyewe, nakubaliana na wanaokataa.

Sasa mtazame Dr. Evil, adui wake. Katika filamu ya kwanza, akiwa ametoka tu kwenye barafu, anatishia dunia ili alipwe dola milioni moja, na watu wake wanaona haya kumwambia kwamba kwa mwaka 1997 hizo si fedha. Katika ya pili yuko 1969 na, akiwa amejifunza, anadai dola bilioni 100. Rais wa Marekani na watu wake wanaangua kicheko: fedha kiasi hicho hata hazipo duniani. Kichekesho ni kilekile, lakini kimepinduliwa, kikakuta ulichokikumbuka na kukitumia dhidi yako. Hapo sehemu ya pili imefanya jambo ambalo ya kwanza isingeweza, kwa sababu inahitaji kumbukumbu ya ya kwanza ili isimame. Kurudia na kupindua vinafanana ukivitazama kwa mbali. Ukiwa umeketi ukumbini tofauti yake unaisikia mbavuni.

Njia nyingine ni kubadilisha anayetaniwa na kumwacha shujaa alipo. Hot Shots! ya 1991, iliyoongozwa na Abrahams yule yule, ilitania Top Gun na marubani wake wenye miwani ya jua. Ilipofika Part Deux mwaka 1993, hawakumrudisha Charlie Sheen kwenye ndege. Walimvimbisha misuli, wakamfunga kitambaa kichwani na kumtupa kwenye dunia ya Rambo. Katika vita vikubwa vya filamu hiyo, kihesabu cha maiti kinatokea kwenye skrini kama ubao wa magoli, kinatangaza kuzipita RoboCop na Total Recall, kisha kinaitawaza filamu hii kuwa ya damu nyingi kuliko zote. Huo ni mzaha juu ya aina nzima ya filamu, juu ya ile kanuni ya zamani kwamba steringi hafi na wengine wote wanakufa kwa mafungu. Kwa macho yangu Part Deux imejengwa vizuri kuliko ya kwanza. Fedha ilipata chache zaidi. Nalo hilo liwafikie wanaopima kwa sanduku la tiketi.

Scary Movie 3 ya 2003 iliponea hivyohivyo. Akina Wayans, ndugu waliotengeneza mbili za kwanza, walikuwa wameondoka, David Zucker akaingia, na bahati nzuri The Ring na Signs zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia, filamu mbili zilizojichukulia kwa uzito mkubwa mno. Uzito huo ndio chakula. Kufikia ya tano, mwaka 2013, Anna Faris na Regina Hall, waigizaji waliokuwemo tangu ya kwanza, hawakuwemo tena, na mizaha mingi ilikuwa imefikia hatua ya kuonyesha kitu kutoka filamu fulani na kusubiri mtazamaji akitambue. Kutambua si kucheka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko Hollywood. Michel Hazanavicius aliongoza OSS 117 nchini Ufaransa mwaka 2006, Jean Dujardin akiwa jasusi wa 1955 aliyetumwa Cairo. Ni mzaha wa filamu za majasusi wa zamani, rangi zake, taa zake, hata jinsi gari linavyoendeshwa mbele ya picha inayosogea. Lakini anayetaniwa hasa ni Mfaransa mwenyewe, anayeamini kwamba kila nchi anayokanyaga inamshukuru kwa kuja. Katika ya pili, ya 2009, mwaka ni 1967 na mahali ni Brazil. Dunia imesogea miaka kumi na miwili, yeye hajasogea hata hatua. Mambo aliyoyasema Cairo huku walio karibu naye wakinyamaza, sasa yanajibiwa usoni. Hiyo sehemu ya pili haipungukiwi na ya kwanza, na sababu yake si siri: ujinga wa mtu huyu ni mkubwa kuliko filamu moja. Ya tatu, ya 2021, ilipata mwongozaji mwingine, na makali sikuyaona tena.

Watakaosema kwamba natetea mwendelezo kwa mifano michache wana haki. Ni michache. Kwa kila Part Deux kuna rundo la filamu zilizotengenezwa kwa sababu jina lilikuwa bado linauzika. Nisingemlaumu mtu anayeiacha sehemu ya pili mpaka asikie habari zake. Ningemwomba tu asisome idadi ya nyota, asome hadithi: kama anayetaniwa ni yule yule wa juzi, akae nyumbani.

Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyoisubiri sehemu ya pili ya Spaceballs, mzaha wa Star Wars. Katika filamu hiyo ya 1987, Mel Brooks, akiigiza mzee mwenye hekima, anataja kwamba huenda wakakutana tena katika sehemu ya pili itakayohusu kutafuta fedha zaidi. Ulikuwa mzaha juu ya tamaa ya Hollywood, ukapita. Mwezi Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 98, Brooks alitangaza kwamba sehemu ya pili inakuja kweli, 2027. Alipotania Star Wars mara ya kwanza, kulikuwa na filamu tatu kuu za kutania. Tangu hapo zimeongezeka za nyuma, za mbele, za pembeni na za televisheni, mpaka kuna watu wanaohitaji mchoro kujua nani alizaliwa lini. Miaka 40 ya ghala.