Amka Saa Kumi Uwe Tajiri

Leo Jumapili, saa kumi alfajiri, Mama Neema kanisogezea simu sikioni. Ndani ya simu kuna mwanaume anafoka: "Amka! Matajiri wameshaamka!" Waamke wao, wana cha kuhesabu. Mimi dereva wa bajaji nimepeleka hesabu ya bosi pungufu, nimelala na soksi.

Huu ugonjwa wa watoa hamasa umeingia kwangu taratibu. Ulianza na glasi nane za maji kwa siku. Tupo sita, na bomba letu likitoa maji mtaa mzima unapiga vigelegele. Ukaja usingizi: ulale masaa nane. Mimi nalala saa nane, tena bila kufundishwa. Zikaja hatua elfu kumi. Nikazitembea siku tatu pale Chang'ombe ya hapa Dodoma kwenye upepo huu wa Agosti, nikarudi mwekundu kama tofali. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, UDOM, niliyempakia akaniambia hizo elfu kumi zilivuma kutoka Japani, mwaka 1965, kampuni ilipokuwa inauza kifaa cha kuhesabia hatua. Kumbe natembezwa na tangazo la biashara!

Lakini ya jana ndiyo yamenimaliza. Nipo stesheni ya treni ya SGR, anashuka mtu na koti, viatu vimechongoka. Dodoma hii kila mwenye koti ni mheshimiwa, hukosei sana.

"Area D, mheshimiwa? Elfu nane."

"Elfu tatu. Kaka, usinione kama abiria, nione kama fursa."

Tukakubaliana elfu nne. Hatujafika mbali akaniuliza, "Dereva, ndoto yako ni nini?"

"Tairi la nyuma."

"Waza mbali zaidi."

Nikawaza. "Yote matatu."

Akanitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. Tulipofika akasema mtandao unasumbua, atanitumia hela akishatoka, akaingia ukumbini. Juu ya mlango bango limeandikwa: JITHAMINI, USIKUBALI BEI YA CHINI. Kwenye foleni ya tiketi za elfu kumi namwona nani? Mama Neema, aliyeniaga asubuhi anaenda msibani.

Nikaingia kufuata elfu nne yangu. Mlinzi akanipisha, akidhani nimebeba begi la mgeni. Jamani, wenzao wa TED, yale makongamano ya hotuba ya Marekani, wanapewa dakika 18 tu, ukizidisha unashushwa. Hao hata Arusha walishafika, mwaka 2007. Sisi tukaletewa wa masaa matatu. Saa la pili akasema, "Leo nimepanda bajaji, nikamuuliza dereva ndoto yake. Akasema tairi!" Ukumbi ukaanguka kicheko. Mama Neema alicheka mpaka kitenge kikamvuka, hajui anamcheka nani.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu mpaka kwa balozi wa mtaa. Nikasimama. Wakadhani nina swali, wakaniletea maikrofoni.

"Mheshimiwa, naomba elfu nne yangu."

Kimya. Halafu yule bwana akapiga makofi. "Mmemwona? Huyu ndiye aliyeelewa somo! Anadai thamani yake!" Ukumbi mzima ukasimama kunishangilia. Dada mmoja akanikumbatia huku analia. Nilitolewa nje kwa vifijo, bila hata mia.

MIMI NATAKA ELFU NNE! Sitaki vifijo! Vifijo vinaingia kwenye tangi?

Usiku nikamuuliza Mama Neema marehemu ni nani. Akasema nisimletee mawazo hasi.

Na asubuhi hii, hapa Nkuhungu, tairi la nyuma limelala. Mwiba. Miiba ya huku haina adabu, inakufuata mpaka kwenye lami. Fundi wa pancha ananiambia nisubiri kwanza, maana mbuzi wa jirani kamlia kibandiko cha mwisho, na mwenye mbuzi anadai kibandiko hakiliwi, tumwoneshe ushahidi. Ndiyo tupo hapa, watu wazima saba, tunamtazama mbuzi mdomoni.