V3 nzuri mkononi, ila jamani laini moja!

Kuna mwandishi kaisifia Motorola RAZR V3, ile simu ya kukunja, kuwa ndiyo simu ya kumfaa aliyechoka na simu janja. Kwa umbo sina ubishi. Ni ya mwaka 2004, lakini hadi leo ukiifungua mbele za watu wanageuka. Unene haufiki milimita 14, uzito gramu 95, mfuko wa shati hata hauning'inii. Vitufe vyote ni bamba moja jembamba, na mwanga wake wa bluu unakuwezesha kuandika meseji hata umeme ukikatika. Halafu ile raha ya kumkatia mtu kwa kuifunga, pa!

Sasa tuje kwenye matumizi. Inaingia laini moja tu, na wengine tuna ya M-Pesa na ya bando. Haina sehemu ya memori kadi, na kamera ni VGA, yaani ya ubora mdogo sana. Ukiipiga picha risiti husomi kitu. Miamala ya M-Pesa kwa *150*00# inakwenda vizuri, WhatsApp sahau. Chaja ni ya mini-USB, tundu la kizamani, usitegemee kuazima kwa jirani. Anayeinunua mtumba aifungue na kuifunga mara kadhaa dukani: kioo kikipepesa, waya unaopita kwenye bawaba umeshachoka, amwachie muuzaji simu yake.