Naam, nimekaanga beringi. Sikilizeni lililobaki

Kwanza shukrani kwenu nyote mlionitumia picha za bhajia tangu asubuhi. Yule sahibu yangu (mwamjua, mdomo wake hauna breki) amewaeleza kwamba nilimkopa bi mkubwa wa bhajia karai lake nikakaangia beringi. Kweli. Lakini siku nzima ile, hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya sawa, na ndiyo mnayoichekea!

Beringi ya spindo (ule mhimili unaozunguka wa mashini ya kukerezea) haigongwi nyundo. Ukiigonga, vigurudumu vyake vinachimba alama kwenye njia yao, na mashini inanguruma vilevile kama ya jana. Waitia kwenye oili ya moto, kama digrii 90 hivi, pete ya ndani itanuke kidogo, waivisha. Bhajia zataka karibu 180. Kwa hivyo hata hilo neno "kukaanga" mwanionea.

Basi, lile Colchester letu kuukuu, mashini yetu ya kukerezea chuma pale Shimanzi, lilikuwa likikereza shafti yatoka na mawimbi kama bahari ya kusi. Nikalifungua, nikapanga kila kipande juu ya gazeti. Siku mbili.

Saa ya kuvisha ikafika. Glovu mkononi, jasho hadi kwenye soksi, mwenye kazi yake amesimama mlangoni, sahibu ameshika simu anarekodi. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimwambia arekodi, mafundi wengine wapate kujifunza. Nikaiopoa beringi kwa waya, oili inachuruzika, nikaisukuma. Chwap! Hadi mwisho, pasi na nyundo, pasi na kelele. Nikaishikilia ipoe nikihesabu: moja, mbili, tatu… nilipofika ishirini ilikuwa imeshang'ata chuma. Nikageukia kamera. Nikasema, "Hivi ndivyo."

Kijana wetu wa mkono wakati huo yuwafuta meza. Akainua chupa yangu ya soda. Ikaja na pete nene ya chuma, ina matundu manne ya skrubu. Akaivua ile pete, akaigeuza, akaipuliza vumbi.

"Ami, hiki nacho chatiwa wapi?"

Nikatazama pete. Nikatazama spindo. Nikarudi kwenye pete. Ni kifuniko cha beringi ya mbele, hukaa kati ya beringi na kichwa cha spindo. Kwa mbele hakipiti, kichwa ni kipana. Kwa nyuma beringi imeziba. Huingia KWANZA, kabla ya kitu chochote. Na aliyekichomekea chupa siku ya kwanza, ili soda isipinduke, ni mimi.

Nikajikaza. "Hicho cha mashini nyingine."

Mashini tunayo moja.

Yaliyofuata si ya kusimulia. Pula, chombo cha kuvutia beringi itoke, ilishika pale ilipopata, vigurudumu vikalia, beringi mpya ikafa haijazunguka hata mara moja. Ya pili nimenunua kwa pesa zangu (bei siitaji, mke wangu yumo humu). Karai pia nimelipa, maana bi mkubwa amelikataa, asema lanuka gereji. Sasa shafti zatoka laini, mwenye kazi ameridhika.

Ila jana kijana kaniletea soda, kasimama nayo mkononi, uso mkavu kabisa: "Ami, niiweke juu ya nini?"