Uhandisi wa mazingira: usomwe mwanzo, au usubiri shahada ya pili?

Binti wa jirani yangu hapa Busia, upande wa Uganda, amemaliza Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, na fizikia, kemia na hisabati, na alama zake zinamruhusu kuchagua. Anataka uhandisi wa mazingira. Baba yake, dereva wa lori wa njia ya Mombasa hadi Kampala, anataka asome uhandisi wa ujenzi, "kitu ambacho hata mpakani hapa watu wanakijua," na hayo ya mazingira yangoje shahada ya pili. Walinijia jioni moja kwa sababu nimefundisha fizikia miaka mingi, na mwalimu wa fizikia hudhaniwa anajua kila jambo lenye hesabu ndani yake. Niliwapa jibu la harakaharaka, nikalala nalo vibaya. Hili ni la pili.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mtaani huitwa kwa jina moja. Ukitamka "mazingira", wengi huona miche ya miti na semina za hotelini. Sayansi ya mazingira, ambayo Makerere wanaifundisha, humwezesha mtu kupima na kueleza hali ya mto, udongo au hewa. Uhandisi wa mazingira humdai asanifu: bomba la majitaka, bwawa la kuyasafisha, jaa la taka ambalo sakafu yake haivujishi. Asili yake ni usafi wa miji. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wa London wakashindwa kukaa vikaoni, ndipo Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji ya chini ya ardhi. Si kazi ya mabango, ni kazi ya mteremko wa bomba.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye mtambo mmoja wa maji. Mtaalamu wa zamu alijaza bilauri sita za lita moja maji yaleyale ya mto, mekundu kama chai isiyochujwa, akatia shabu kwa vipimo tofauti, ya kwanza kidogo, ya sita nyingi. Mashine ikayakoroga yote kwa kasi kwa dakika moja, kisha polepole kwa robo saa. Katika bilauri ya kwanza hapakutokea kitu. Katika ya nne tope lilianza kushikana, yakatokea mabonge mepesi kama maziwa yaliyokatika, yakazama taratibu, na juu yake pakabaki maji unayoweza kuona kidole ng'ambo. Ya sita, iliyotiwa shabu nyingi kuliko zote, ilichafuka tena. Wanafunzi walishangaa: walidhani dawa ikizidi ndipo inapofanya kazi zaidi. Yule mtaalamu akawaambia kwamba mvua ikinyesha usiku, kesho yake anaanza upya, kwa maana mto wa leo si wa jana.

Hoja ya binti imo ndani ya bilauri ile. Aliyesoma ujenzi anajua uzito, zege na mtiririko wa maji, lakini kemia ya tope na bakteria wanaokula uchafu huzigusa kidogo tu, pengine somo moja au mawili katika mihula minane. Kuna wanaoingia ujenzi bila kemia ya Senior Six kabisa, maana kinachotazamwa kwanza ni hisabati na fizikia. Ukisema watasoma hayo katika shahada ya pili, unasahau maisha. Mhandisi wa ujenzi akimaliza chuo, barabara inamwita, na barabara ina fedha. Wachache sana hurudi darasani kusomea kinyesi.

Na Uganda ina kazi ya kinyesi tele, naomba radhi kwa wanaosoma hili wakila. Wakazi walio wengi wa Kampala hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na matangi, na malori ya kunyonya hupeleka mzigo kwenye mitambo kama ule wa Lubigi uliofunguliwa mwaka 2014. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya jiji, hupita kwenye kinamasi, huingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka hapo, ndipo mitambo ya Gaba inapovuta maji ya kunywa. Kinamasi kilikuwa kikichuja bure. Kilivyozidi kulimwa na kujengwa, gharama ya kusafisha ikahamia mtamboni. Shirika la taifa la maji limelazimika kujenga mtambo mkubwa wa majitaka wa Bugolobi, wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na kwenda hadi Katosi kutafuta maji safi zaidi ya ziwa. Miradi hiyo ilikuja na wataalamu wa nje. Itakapochakaa, nani atajua kwa nini bakteria wamekufa Jumanne usiku?

Sasa upande wa baba, na mtu asimcheke. Anajua mzigo usio na hati hauvuki mpaka.

Tatizo la shahada hii ni jina lake. Nimesoma matangazo ya kazi ya wilaya kadhaa nikiwasaidia wanafunzi wangu wa zamani. Nafasi ya afisa wa maji hutaka mhandisi wa ujenzi au wa maji. Nafasi ya afisa wa mazingira hutaka mtu wa sayansi au usimamizi wa mazingira. Mwenye "uhandisi wa mazingira" anasimama katikati akijieleza kwa watu wawili: kwa mmoja anaonekana si mhandisi wa kutosha, kwa mwingine amesoma mabomba mno. Njia mbili zilimshinda fisi. Haki yake ipo, lakini kijana wa miaka 23 anayetafuta kazi ya kwanza hapati muda wa kuidai mbele ya karani anayelinganisha maneno ya cheti na maneno ya tangazo.

Kuna pia soko la tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inadai tathmini hiyo kwa miradi mikubwa, na mafuta ya Hoima na Buliisa, pamoja na bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, yameleta kazi nyingi za namna hiyo. Vijana wengi wameona humo ndimo ulipo mustakabali. Mimi sina uhakika huo. Ujenzi wa bomba ukiisha, wengi wa walioajiriwa kuusimamia huenda nyumbani. Tena mara nyingi ripoti huandikwa wakati uamuzi umeshapita, na mhandisi anayeandika "hapana" ukurasa wa 200 hukuta tingatinga limekwisha kufika. Mtu asomee fani hii kwa sababu ya mtambo, asiisomee kwa sababu ya ripoti.

Halafu Kiteezi, ambayo kila upande huitaja kama shahidi wake. Jaa lile la Kampala, lililoanza kazi mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, likafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Binti alilitaja kabla sijaketi. Baba naye: "Si mlima ulianguka? Mlima ni wa mhandisi wa ujenzi." Wote wana haki. Uthabiti wa mteremko ni somo la udongo, la ujenzi. Lakini taka si udongo, inaoza, inatoa gesi, inajaa maji machafu kutoka ndani, na uzito wake hubadilika kila mwezi. Mhandisi mmoja anayejua vyote viwili angefaa sana pale. Ila lililoniuma zaidi ni kwamba kujaa kwa jaa lile hakukuwa siri ya kitaalamu. Majirani walilijua, viongozi walilijua, wenye malori walilijua kila asubuhi. Utaalamu ulikuwepo na lori likaendelea kumwaga. Kwa hiyo anayesema nchi ikipata wahandisi wa mazingira wengi majaa hayataporomoka, ananiuzia kitu ambacho shahada haina.

Mimi nimeegemea wapi? Kwa binti, dhidi ya jina. Asome mambo ya fani hii sasa, si baadaye, lakini chini ya cheti ambacho karani wa wilaya atakitambua. Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho kutoka hapa ni nauli ya boda na matatu tu, wana shahada ya uhandisi wa rasilimali za maji. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, wana uhandisi wa ujenzi na mazingira kwa pamoja. Shahada inayobeba maneno yote mawili inamwacha avae kofia ya ujenzi njaa ikimbana, bila kukosa bilauri sita. Najua kasoro yake: anayesoma viwili huenda asizame katika kimoja, na programu nyingine huongeza neno "mazingira" kwenye jina na somo moja kwenye ratiba, basi.

Ndiyo maana niliporudi kwao Jumapili sikwenda na jina la chuo. Nilimpa binti maswali matatu ya kuuliza kabla baba hajalipa hata shilingi. Je, bodi ya usajili wa wahandisi inaitambua shahada hii? Mafunzo ya vitendo wanapeleka wapi, mtamboni au ofisini kupanga mafaili? Na la tatu, aombe kuoneshwa maabara ya maji, aangalie kama vyombo vina madoa.

Baba alinyamaza kidogo. "Madoa ya nini, Mwalimu?"

"Ya shabu," binti akamjibu kabla yangu.