Mwanafunzi Asirudie Picha Peke Yake

Wanafunzi wa radiografia, yaani fani ya kupiga picha za eksirei, wakiletwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, mara nyingi kazi yao ya kwanza inakuwa kupunguza foleni. Mmoja anaachiwa chumba cha eksirei, msimamizi anahamia CT (mashine ya picha za vipande vya mwili), na jioni logibuku, daftari la kumbukumbu za mafunzo, inasainiwa kwa kuhesabu vipimo vilivyopigwa. Huko si kusimamia. Idara zetu zina upungufu wa watu, hilo linajulikana, lakini kuna jambo moja ambalo hata idara yenye watu wawili inaweza kulishikilia: picha ikiharibika, mwanafunzi asiirudie mpaka mtaalamu aliyesajiliwa awe amesimama naye chumbani.

Marekani, JRCERT, chombo kinachoidhinisha programu za radiografia, kimelifanya hili kuwa sharti. Hata mwanafunzi aliyekwisha kuthibitishwa kuwa anakiweza kipimo husika, marudio anayafanya mbele ya mtaalamu. Sisi hatuhitaji kungoja waraka. Mkuu wa idara anaweza kubandika agizo hilo ukutani kesho asubuhi.

Marudio yanahitaji macho ya ziada kwa sababu picha ya kwanza ikikataa, mwanafunzi hushikwa na haraka. Anabadilisha vitu vitatu kwa pamoja: anamgeuza mgonjwa, anapandisha kV (nguvu ya mwale), anasogeza tyubu (bomba linalotoa mionzi). Picha ikitoka nzuri hajui ni kipi kilichosaidia, na ikitoka mbaya anakuwa tayari kupiga ya tatu. Chukua goti la laterali, yaani linalopigwa kwa ubavu, mgonjwa amelalia upande wa goti lenyewe. Kondili mbili za fupaja, yaani vichwa viwili vya mviringo mwishoni mwa mfupa wa paja, hazikulaliana kwenye picha. Asiyejua kusoma kosa lake atalizungusha goti upande wowote, na nusu ya mara atakuwa ameongeza kosa. Dawa yake ni kutafuta kinundu kidogo kilicho juu ya kondili ya ndani, upande wa nyuma. Hicho ndicho kinachoitambulisha. Kondili ya ndani ikionekana nyuma ya mwenzake, kilegesambwa (kifupa cha mbele ya goti) kiko mbali mno na kaseti (bamba linalopokea picha), kwa hiyo goti liviringishwe mbele. Ikionekana mbele, lirudishwe nyuma. Kama zimepishana juu na chini, tatizo si mzunguko, ni pembe ya mwale. Kuinamisha tyubu nyuzi 5 hadi 7 kuelekea kichwani kwa kawaida hutosha.

Kwa hiyo kabla ya picha ya pili mwanafunzi aseme kwa mdomo wake mambo matatu: kosa ni lipi, limetokana na nini, na atabadilisha kitu gani kimoja. Akishindwa kusema, msimamizi apige mwenyewe huku akieleza. Uti wa mgongo wa kiuno si kifua: kifua cha PA (mwale ukiingilia mgongoni) kinampa mgonjwa dozi ya mionzi ya takriban milisiveti 0.02, kiuno ni kama milisiveti 1 au zaidi. Kurudia kiuno kizembe ni sawa na kumpiga mtu yule vifua makumi kadhaa visivyo na kazi.

Makosa mengi, hata hivyo, yanakamatika kabla swichi haijabonyezwa. Kwenye kifua tazama umbali kwanza. Mwanafunzi aliyetoka kupiga mkono kwa sentimita 100 husahau kuvuta tyubu hadi 180, na moyo unatoka mkubwa kuliko ulivyo, daktari wa wodini anaandika moyo umepanuka. Au anavuta tyubu akaacha vipimo vilevile vya mionzi, wakati kwa umbali huo mionzi inayofika imeshuka hadi chini ya theluthi ya ile ya sentimita 100. Kisha tazama mabega, kama yamesukumwa mbele ili mabapa ya mabega yatoke kwenye mapafu. Halafu sikiliza maelekezo: “Vuta pumzi ndefu, zuia, usipumue.” Macho yawe kwa mgonjwa kupitia kioo, si kwenye paneli, na swichi isishikiliwe hatua ya kwanza, ile ya kuandaa tyubu, kwa muda mrefu, kwa kuwa filamenti (waya unaowaka ndani ya tyubu) inachakaa bure. Na jamani, wafundisheni kumwambia mgonjwa “pumua” baada ya picha.

Digitali imeongeza kazi ya msimamizi. Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha ilitoka nyeusi na kila mtu akaona. Sasa kompyuta inasawazisha mwanga, na mionzi ikizidi picha inapendeza zaidi kwa sababu chembechembe zinapungua. Mwanafunzi anajifunza kimyakimya kwamba mAs nyingi (wingi wa mionzi) ndiyo picha nzuri. Mzoesheni kusoma namba ya mionzi kwenye kila picha. Kwa mashine zinazoonyesha DI (namba ya jinsi mionzi ilivyopishana na ile inayotakiwa), sifuri ndiyo shabaha, +3 maana yake mionzi imekuwa mara mbili, -3 imekuwa nusu. Kwenye CR (mashine za kaseti zinazosomwa na kompyuta) za Fuji namba ya mionzi, iitwayo S, inakwenda kinyume: inashuka mionzi inapopanda, na wanaohama kutoka hospitali moja kwenda nyingine huchanganyikiwa hapo. Vilevile msikubali picha iliyokatwa kingo kwenye kompyuta baada ya kupigwa. Mwale unabanwa kwenye kolimeta (kifaa cha kubana mwale kilicho kwenye tyubu), na alama ya R au L (kulia au kushoto) inawekwa kwenye kaseti kabla ya kupiga, isije ikachapwa baadaye kwa kukumbuka.

Logibuku nayo irekebishwe. Pamoja na safu ya kipimo na tarehe, iwepo safu ya marudio na sababu yake, na msimamizi asaini palepale picha ikiwa bado kwenye skrini. Mwanafunzi mwenye vifua 60 na marudio yaliyoelezwa vizuri ananipa imani kuliko mwenye vifua 200 visivyo na doa hata moja.

Mtoto akikataa kutulia, mwanafunzi ndiye huitwa amshike kwa sababu ndiye mdogo idarani. Hapana. Ashike mzazi au ndugu asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya risasi, mikono ikiwa nje ya mwale. Mwanafunzi naye awe na kipima mionzi chake mwenyewe tangu siku ya kwanza. Akiazimwa cha mtu mwingine, mionzi yake inaandikwa kwenye faili la mwenzake, na yeye anamaliza mafunzo bila rekodi yoyote.