Feni Yangu Iko Wapi?

Jamani, mimi nikiloa jasho nani huniuliza? Lakini kuku mmoja akikaa mdomo wazi, nyumba nzima inaitwa uani.

Naambiwa eti kuku hatoki jasho, hakuumbiwa. Joto lake la kawaida tu ni kama nyuzi 41. Mimi ningekuwa nimeshalazwa. Kwa hiyo jua likikaza, yeye kazi yake ni kutweta, mbawa kaziachia kando, akingoja huduma. Huduma ndiyo mimi.

Chakula wapewe alfajiri, mchana kiondolewe, maana kusaga chakula kunawazidishia joto. Maji yakae kivulini na yabadilishwe kila mara, kwa sababu yakipata moto wanayasusa. Wanayasusa! Juzi niligandisha chupa yangu ya maji, nikaificha nyuma kabisa ya friji. Narudi, naikuta inaelea kwenye beseni la kuku. Kumuuliza mama watoto, ananijibu, "Wewe si una mikono? Jipepee." Kwani kuku hana mbawa?

Kiti changu cha chini ya mti kilishaondolewa. Udongo pale umemwagiwa maji, mitetea wamejichimbia mashimo, wamelala ubavu kama wako likizo. Jogoo yeye kasimama ndani ya sinia la maji, miguu imezama, ananitazama mimi niliye juani.

Jana mtetea mmoja kalegea kweli. Nikakimbilia ndoo, nikatia barafu, nataka kumzamisha. Jirani kapiga kelele ukutani: "Utamuua kwa mshtuko! Maji ya baridi kidogo tu, miguuni!" Basi nikaketi chini, mtu mzima na ndevu zangu, nimemshika kuku miguu kwenye karai, mkono mwingine nampepea kwa mfuniko wa sufuria. Nusu saa. Alipopata nafuu akafungua jicho moja, akanichafulia suruali, akaondoka.

Na mayai ya kunilipa yako wapi? Wiki nzima nimeokota mawili, moja ganda lake jembamba, nimelishika tu likabonyea. Hapo napo wana utetezi: kutweta sana kunawapotezea hewa ya ukaa, na ganda huhitaji hiyo hewa ili liwe gumu. Kuku ana sababu ya kisayansi. Mimi nikichelewa kazini sababu ya joto, ni mvivu.

Usiku naingia chumbani, feni haipo. Sikuuliza. Naisikia inavuma bandani.