Nyumba Huonyeshwa Saa Nne Asubuhi

Leo saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nikiwa nimeketi mbele ya mkuu wa idara nikimweleza kwa nini hesabu zangu za mwezi uliopita hazikubaliani na taarifa ya benki, simu iliyokuwa mfukoni mwangu ilianza kutetemeka. Niliibana kwa kiganja, ikanyamaza, ikaanza tena. Ilipofika mara ya nne, mkuu aliniambia, kwa upole ule wa mtu anayeliandika jambo moyoni, kwamba pengine kuna tatizo la nyumbani. Nami, kwa kuwa sipendi kusema uongo kazini, nilimjibu kwamba ndiyo, ni la nyumba. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikapokea.

"Bosi, mzigo umepatikana Kinyerezi," alisema dalali. "Vyumba viwili na sebule, jipsamu, marumaru, maji ndani, fensi. Njoo sasa hivi, kuna mteja yuko njiani na hela mkononi."

Nilimweleza kwamba niko kazini Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, hadi saa kumi na moja jioni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Kila siku?"

Kila siku. Jumatatu hadi Ijumaa naingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, na Jumamosi naachiwa saa saba mchana, jambo ambalo ukitoa muda wa kula linafanya saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha sheria. Mwajiri wangu hakuacha hata dakika moja idondoke. Sikuwahi kuona aibu kwa hilo mpaka nilipoanza kutafuta nyumba. Wenye nyumba wa mji huu wana masharti mawili yasiyojadiliwa: mpangaji awe na kazi inayoeleweka, na aje kuiona nyumba siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Mtu anayetimiza yote mawili ni yule mteja aliyeko njiani na hela mkononi. Kwa miezi miwili na nusu sasa mtu huyo ananitangulia kila mahali. Hana zamu, hana foleni, haugui, hafiwi, na kila asubuhi yuko njiani. Ningependa siku moja nionane naye, nimsalimu kwa heshima zote, nimuulize hizo nyumba zote anazifanyia nini.

Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikitafuta upenyo. Inanipa siku 28 za likizo ya mwaka, ambazo zangu ziliisha mwezi wa nne tulipompeleka mama kijijini. Inanipa siku zisizopungua tatu mke wangu akijifungua, na zisizopungua nne nikifiwa na mzazi, mwenza, babu, bibi, ndugu au mjukuu. Kwa hiyo sheria imenifikiria nikizaa na imenifikiria nikizika. Hapo katikati nikae wapi, haikusema. Mwenzangu wa dawati la pili alinishauri nimfishe bibi. Nilimweleza kwamba bibi zangu wote wawili walikwisha kufa kweli, na mkuu wa idara alihudhuria mazishi ya mmoja wao, akala na pilau.

Inabaki jioni. Lakini jua la Dar es Salaam nalo haliajiriwi: mwezi wa Juni linazama kama saa kumi na mbili na robo, na hata Januari linapojitahidi halifikishi saa moja. Mtu anayetoka Posta saa kumi na moja akifika Kimara, Goba au Mbagala kabla ya giza, mtu huyo hakupanda gari, alipaa. Kimara nilifika kwa mwendokasi nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, nikakuta nyumba nzuri kabisa iliyokuwa imepangishwa saa nne asubuhi. Buguruni nilikwenda kwa bodaboda ndani ya ile saa moja ya chakula, nikaliona geti kwa dakika nne, kwa sababu funguo alikuwa nazo mwenye nyumba na mwenye nyumba alikuwa msibani. Mbagala niliambiwa choo ni cha ndani, na kweli kilikuwa ndani, ila ndani ya nyumba ya jirani. Segerea, mama mwenye nyumba aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia watatu, akaniambia nyumba yake haipendi kelele. Alilazimika kulisema mara mbili kwa sababu ya mbwa wake.

Kila safari ina hela ya kuonyeshwa, shilingi 10,000, hata kama ulichoonyeshwa ni geti. Nimekwisha kutoa 110,000. Kodi ya miezi sita na ile ya mwezi mmoja ya dalali sizitaji hapa, kwa kuwa kila msomaji anaijua hesabu hiyo na sipendi kumharibia siku.

Sasa niwaeleze habari za Goba, ambazo ndizo zilizonifanya nisiipokee simu ya Kinyerezi kwa furaha.

Kwanza lazima mfahamu kwamba mimi hutembea na kamba. Mke wangu, kwa fedha za kikoba na kwa subira ya miaka miwili, alichongesha kochi Keko, la watu watatu, na fundi, kwa ukarimu ambao hatukumwomba, akalifanya la watu wanne. Kochi hilo haliingii katika sebule ya kila mtu. Kwa sababu hiyo nilikata kamba ya katani, nikaipiga mafundo mawili: la kwanza ni kitanda, la pili ni kochi. Nikifika kwenye nyumba sina haja ya maneno ya dalali; nanyoosha kamba tu.

Ilikuwa Alhamisi. Dalali alikuwa ameniambia nyumba iko dakika tano kutoka kituoni, naye ni mtu wa kweli, kwa maana zilikuwa dakika tano za bodaboda, kisha bodaboda ikagoma mbele ya korongo, na hapo ndipo tulipoanza kutembea. Tulifika saa mbili na nusu usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo ile jipsamu na marumaru nilizosifiwa njia nzima nilizipokea kwa imani. Dalali alipiga hodi. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna watu, akanijibu kwamba kuna mpangaji, ila anahama mwisho wa mwezi na mambo yote yamekwisha kuzungumzwa.

Tulikaribishwa. Sebuleni baba, mama na watoto wawili walikuwa wameketi mkekani kuizunguka taa ya chaji, wakila ugali na dagaa. "Karibuni tule," alisema yule baba. Mimi nilishukuru kama anavyoshukuru mtu aliyelelewa, nikasema nimeshiba, ingawa tangu saa saba mchana nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Dalali alinawa akaketi.

Nilibaki nimesimama na kamba yangu mkononi. Mtu mzima mwenye stashahada ya uhasibu, katika nyumba ya watu, usiku, akiwaangalia wanavyokula. Niliona njia pekee ya kuiokoa heshima yangu ni kufanya kilichonileta, nikamwomba mtoto mdogo, wa miaka kama sita, anishikie ncha moja ya kamba pale ukutani. Mtoto alifurahi sana. Mimi nikarudi kinyumenyume hadi ukuta wa pili, nikimulika kwa simu, na dalali akiwa na tonge shavuni alisema: "Umeona sebule hiyo, bosi? Unacheza mpira."

"Ndugu," yule baba aliniuliza, "unapima nini?"

"Kochi langu, kaka."

"Linaletwa hapa?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Alitafuna polepole. "Na letu litakaa wapi?"

Nimewahi kukaa katika vikao vya ukaguzi wa hesabu, najua ukimya. Ule haukuwa wa kawaida. Dalali aliongeza kasi ya kula, kama mtu anayejua kwamba mlo huu unaweza kukatizwa wakati wowote. Mama wa nyumba aliuweka mkono wake pembeni ya sahani, hakunitazama mimi, hakumtazama dalali, alimtazama mumewe.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

Ikadhihirika kwamba mwenye nyumba alikuwa amempa yule baba taarifa ya miezi mitatu, na kwamba miezi miwili ya taarifa hiyo ameitunza mfuko wa shati. Alianza kujitetea kwamba alikuwa anatafuta. Mkewe akauliza alikuwa anatafuta lini. Hapo yule mwanamume, anayefanya kazi katika ghala moja la Vingunguti kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, alitamka maneno ambayo karibu yanitoe machozi: "Nyumba zinaonyeshwa saa nne, mama Asha. Saa nne mimi nitatokaje?"

Ningeweza kumkumbatia. Niliiacha kamba, nikaketi mkekani bila kukaribishwa mara ya pili, nikamweleza yote: Kimara, Buguruni, mbwa wa Segerea. Mkewe aliniongezea dagaa. Kwa muda tulikuwa watu wenye amani, tukimkosoa kwa pamoja dalali aliyeketi kati yetu, naye, ambaye kazi yake haimruhusu kuona haya, alitusikiliza hadi mwisho, akanawa, kisha akamgeukia mwenyeji wetu.

"Kaka, wewe usihangaike, nina nyumba yako. Tabata Kimanga. Vyumba viwili na sebule, geti la bluu, kuna mwarobaini pale mbele, unapumzika kivulini. Mpangaji anatoka mwisho wa mwezi, mambo yote yamekwisha kuzungumzwa. Laki tatu na nusu."

Ule mwarobaini nimeupanda mimi.

Naomba nieleweke. Mimi nalipa laki mbili na nusu. Mwenye nyumba wangu alinijia siku ya Jumapili, amevaa kanzu, akaniambia kwa sauti ya mzazi kwamba mwanawe anaoa na anahitaji mahali pa kuanzia maisha, na mimi nilimpongeza. Nilimpongeza! Nilimuuliza hata tarehe ya harusi ili nianze kujipanga kwa mchango. Kumbe bwana harusi ni laki moja ya nyongeza. Nilimuuliza dalali ameijuaje nyumba hiyo kwa undani namna ile, mpaka kivuli, akanijibu bila kupepesa kwamba amekwisha kupeleka wateja sita au saba, kwa sababu wapangaji wa pale ni watu wazuri sana, mchana kutwa hawapo, mke mwalimu na mume yuko ofisini huko mjini, na mwenye nyumba ana funguo za akiba. "Wateja wanaangalia kwa nafasi," alisema. "Tatizo kuna kochi kubwa sana limeziba, sebule inaonekana ndogo."

Kwa hiyo saa nne asubuhi, nilipokuwa nikizikosa nyumba za watu, watu walikuwa wakiiona yangu. Wameingia chumbani kwangu. Wameona chandarua kilichotoboka, wameona sufuria nilizoziacha kwenye beseni kwa kuwa nilichelewa kuamka, na pengine mmoja wao ni yule bwana wa hela mkononi, amekaa kwenye kochi la mke wangu na kunyoosha miguu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka kumweleza yule dalali kwamba mimi ni mtu, kwamba nina risiti za kodi za miaka sita ndani ya faili, kwamba nilijenga ukuta wa karo kwa fedha zangu na sikukata hata shilingi kwenye kodi. Lakini kilichonitoka kinywani ni kwamba arudishe elfu kumi yangu. Akasema hela ya kuonyeshwa hairudi, nyumba si nimeonyeshwa.

Na ni kweli nilionyeshwa. Kitanda kiliingia, kochi likabakiza kama shubiri.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Yule baba alinisindikiza hadi korongoni, tukabadilishana namba za simu na kukubaliana kwamba anayepata ruhusa ya asubuhi kwanza amwangalizie na mwenzake, mkataba ambao mpaka leo hakuna aliyeweza kuutekeleza. Ijumaa alinipigia kuniuliza kama maji ya Kimanga yana chumvi. Nilimjibu ukweli, kwamba yana chumvi kidogo lakini chai haikatiki, na baada ya kukata simu nilijiuliza kwa nini nimejibu vizuri hivyo.

Kinyerezi nimewaomba wanionyeshe Jumamosi alasiri. Dalali anasema Jumamosi alasiri mwenye nyumba yuko kwenye kikao cha harusi. Sikuuliza ya nani. Shida iliyopo usiku huu ni kamba. Ile yangu ilibaki Goba, kwa sababu wakati tunaaga mtoto alikuwa amekwisha kulala akiwa bado ameshika ncha yake, na sikuona uungwana wa kumwamsha. Inanibidi nipime nyingine, lakini kochi limebebeshwa masanduku matatu ya vyombo, ambavyo mke wangu ameanza kuvifunga tangu juzi, kwa kuwa yeye ana imani nami, na vikombe vya chai vimo katika sanduku la chini.